Wageni na kazi zetu: dhana potofu za kijiwe cha kahawa

Pale Kilombero, sokoni Arusha, stori ya kazi lazima iishie kwa wageni, na ikifika hapo wote wanatiwa kapu moja: Mrundi wa kambini, ticha wa Kenya pale inglishi midiamu, Mzungu meneja wa hoteli. Mi nimekaa ofisi ya tua, yaani kampuni ya utalii, miaka kadhaa nikihangaika na vibali vya kazi vya wageni, kwa hiyo nashindwaga kunyamaza.

Eti wakimbizi ndo wanamaliza vibarua mjini. Wapi? Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae kambini na akitoka awe na ruhusa, na kambi kama Nyarugusu iko huko Kasulu, Kigoma. Alafu wengi tunaowaita Warundi ni Watanzania, maana 2014 serikali ilitangaza uraia kwa watu kama 162,000 waliotokana na wale waliokimbia Burundi 1972.

Kuna na wale wa upande wa pili wanaosema mkimbizi hamuumizi mtu. Nao wanakosea. Angalia Kagera, Aprili 1994 Wanyarwanda kama robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakaingia Ngara. Aliyeumia ni kibarua wa shamba, kwa sababu mkimbizi alikubali kulima kwa hela kidogo sana na ujira ukaporomoka, ila mwenye shamba alicheka, akapata watu wa bei rahisi akaongeza eka na ndizi zake zikapanda bei. Mashirika ya misaada nayo yakaajiri madereva na manesi wa Kitanzania kwa mshahara mnono mpaka hospitali za wilaya zikakimbiwa. Kwa hiyo ukiniuliza wakimbizi wanaharibu soko la kazi nitakuuliza kwanza, la nani?

Dhana ninayoisikia zaidi hapa Arusha ni kwamba bosi wa kigeni anajiletea watu anavyotaka. Kwenye karatasi hapana, sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri aonyeshe alitafuta Mtanzania akakosa, na aweke mpango wa kumrithisha Mtanzania hiyo kazi, kibali chenyewe ni miezi 24 na kwa mwajiriwa wa kawaida hata ukikihuisha jumla hakizidi miaka mitano. Sasa kwenye ofisi moja niliyopita mrithi aliyeandikwa kwenye faili alikuwa kijana wa mapokezi ambaye hakuwahi kuambiwa kama yeye ni mrithi! Hapo ndo malalamiko yana maana, ila sioni mtu analalamikia faili.

Na huyo ticha wa Kenya msimwone amepata mteremko. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja, mshahara ukichelewa miezi hawezi tu kuhamia shule ya jirani, lazima aanze kibali upya, kwa hiyo anavumilia mambo ambayo wewe ungeshaondoka zamani.

Wageni wanaojitolea kule Moshi nao wanahitaji kibali, kujitolea sio utalii.

Alafu lile tangazo la serikali la Julai 2025, watu walishangilia kama vile wageni wote wamefukuzwa nchini. Lilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, zikiwemo miamala ya simu, ufundi simu, saluni isiyo ya hoteli, kuongoza watalii. Faini isiyopungua milioni 10 au jela mpaka miezi sita, na Mtanzania anayemkingia kifua mgeni naye ana adhabu yake. Halikugusa meneja mwenye kibali chake wala daktari. Wakenya walikasirika kwa sababu itifaki ya soko la pamoja iliyoanza 2010 inaruhusu watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvuka kufanya kazi, na makao makuu ya jumuiya yenyewe ni hapa hapa mjini.

Yule chalii anayepiga kelele kuliko wote kijiweni, dada yake yuko Omani anafanya kazi za ndani na hela ya mabati imetoka huko. Nikimuuliza dada amemnyang'anya nani kazi, ananiambia lipa kahawa twende.