Mtoto abadili lugha darasa la ngapi?

Wazazi hutuuliza sana: mtoto aanze Kiingereza mapema au asubiri? Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kujifunza Kiingereza kama somo ni jambo moja; kusomea hesabu na sayansi kwa Kiingereza ni jambo jingine. Hili la pili ndilo linaloitwa lugha ya kufundishia, na hapo ndipo majirani zetu wanapoachana njia.

Kenya, tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera inataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, kisha Kiingereza kuanzia la nne. Mijini, shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja.

Rwanda karibu kila mtu anazungumza Kinyarwanda, lakini sera imeyumba. Mwaka 2008 iliamuliwa Kifaransa kiache nafasi kwa Kiingereza, na walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa wakalazimika kufundisha kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wakijifunza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudi kwa madarasa matatu ya mwanzo. Mwaka 2019 Kiingereza kikarejeshwa tangu la kwanza.

Tanzania ilichagua Kiswahili kwa shule za msingi za umma mwaka 1967, na ninaamini ilifanya vyema, ingawa mtoto wa Kimasai au wa Kisukuma kijijini hukikuta Kiswahili chenyewe mlangoni mwa darasa la kwanza. Tatizo kubwa lipo kidato cha kwanza. Mtoto aliyeeleza usanisinuru kwa ufasaha akiwa msingi hupewa kozi fupi ya Kiingereza, kisha Biolojia nzima inageuka. Kaa nyuma ya darasa usikilize: mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, mikono inanyooshwa, maswali yanatoka. Anageuka ubaoni kuandika notisi kwa Kiingereza, na darasa linanyamaza, linanakili. Mtihani utakuja kwa lugha ya ubaoni.

Sera ya Elimu ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike ngazi zote, lakini sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akileta daftari la kidato cha kwanza, usiangalie alama za vema tu. Mwombe akueleze ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Akikwama, mpelekee mwalimu wa somo daftari hilo wiki hiyohiyo.