Eti Drake kawapita Beatles: hesabu za Hot 100 zinavyopotosha

Kazi yangu ni kuwaandalia watangazaji wa redio dondoo za muziki, na kuna sentensi moja ambayo kila mara wananiletea niihakiki waisome hewani: "Drake ana nyimbo zaidi ya 300 kwenye chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani, Beatles hawafikishi hata 80, kwa hiyo Drake kawaacha mbali." Hot 100 ni orodha ya kila wiki ya nyimbo 100 zinazotamba Marekani, inayotolewa na jarida la Billboard. Tarakimu ni sahihi. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayonichosha.

Dhana: Aliyeingiza nyimbo nyingi chati ndiye aliyependwa zaidi.

Idadi ya nyimbo zilizoingia chati inapima vitu viwili kwa mkupuo: msanii, na kanuni za chati za wakati wake. Ukimtaja wa kwanza bila za pili, hujasema kitu.

Hot 100 ilianza Agosti 1958. Tangu hapo hadi Desemba 1998, wimbo haukuruhusiwa kuingia kama haukuuzwa peke yake dukani kama singo. Albamu ingekuwa na nyimbo 12, kampuni ikachagua tatu au nne za kutoa kama singo, na zile nyingine hata zingepigwa redioni kutwa kucha, chati haikuziona. Wakongwe wanaukumbuka wimbo "Don't Speak" wa No Doubt: ulikaa wiki 16 kileleni mwa chati ya nyimbo zinazopigwa redioni Marekani, na kwenye Hot 100 haukuingia hata nafasi ya 100, kwa sababu kampuni haikuutoa kama singo ya kuuzwa.

Baada ya 1998 mlango ulifunguliwa. Mwaka 2005 mauzo ya kupakua mtandaoni yakaanza kuhesabiwa, na 2012 zikaingizwa huduma za kusikiliza mtandaoni ambazo msikilizaji anajichagulia wimbo mwenyewe. Tangu hapo albamu ikitoka Ijumaa, kila wimbo uliomo unashindana kivyake. Shabiki anaicheza albamu nzima mwanzo hadi mwisho, na wiki inayofuata nyimbo 15 au 20 zimo chati kwa pamoja, hata zile ambazo msanii mwenyewe hakuzitarajia.

Tazama wiki mbili. Chati ya tarehe 4 Aprili 1964, Beatles walishika nafasi tano za juu zote, na nyimbo zao 12 zilikuwemo kwenye Hot 100. Kila moja kati ya zile tano ilikuwa kwenye santuri yake, na mteja aliyezitaka zote alifungua pochi mara tano. Nazo hazikutoka kwenye kampuni moja: Capitol walikuwa wamezikataa singo zao za mwanzo, kampuni ndogo kama Vee-Jay na Swan zikazichukua, na umaarufu ulipolipuka kila mmoja akakimbilia kuuza alichonacho. Kwa hiyo hata rekodi hiyo ya Beatles, ambayo wapenzi wao huitaja kana kwamba ni usafi mtupu, ilichangiwa na mrundikano wa santuri za mwaka uliotangulia.

Sasa nenda kwenye chati ya tarehe 5 Novemba 2022. Taylor Swift alishika nafasi kumi za juu zote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na nyimbo zote kumi zilitoka kwenye albamu moja, *Midnights*, iliyotoka tarehe 21 Oktoba. Ni mafanikio makubwa, sibishi. Lakini kusema Swift wa 2022 ni Beatles wa 1964 mara mbili kwa sababu kumi ni mara mbili ya tano, huko ni kugawanya maembe kwa machungwa.

Kama bado huamini, nitakupa jina moja: Glee. Wale waigizaji wa tamthilia ya televisheni iliyoanza 2009, waliokuwa wakirudia nyimbo za watu karibu kila kipindi na kuziuza mtandaoni. Februari 2011 walimpita Elvis Presley, aliyekuwa na nyimbo 108 kwenye Hot 100, na hatimaye walifikisha 207. Nyingi zilikaa wiki moja zikapotea. Hakuna hata moja iliyoshika namba moja. Rekodi yao ilidumu hadi Machi 2020, Drake alipoivunja, na kwa miaka ile yote hakuna aliyenijia akitaka kutangaza hewani kwamba Glee ni wakubwa kuliko Elvis. Kumbe watu wanajua kwamba hesabu hii haitoshi. Wanaisahau tu inapomfaa msanii wao.

Wala usidhani zamani hesabu ilikuwa safi. Santuri ilikuwa na pande mbili, na Marekani hadi Novemba 1969 kila upande ulihesabiwa kivyake. Februari 1967 Beatles walitoa santuri yenye "Penny Lane" upande mmoja na "Strawberry Fields Forever" upande wa pili. Marekani, wa kwanza ulifika namba moja na wa pili ukafika namba nane: vibao viwili. Uingereza, santuri ile ile ilihesabiwa kama kitu kimoja na ikakwama namba mbili. Ni santuri ileile na wanamuziki walewale, tofauti ni nchi. Sehemu nzuri ya zile 108 za Elvis imetokana na utaratibu huo wa pande mbili.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nistaafu: linganisha wasanii wa enzi moja, na badala ya idadi ya nyimbo tazama zilikaa wiki ngapi kwenye kumi bora. Wimbo wa kuvutwa na albamu hudondoka wiki ya pili. Kibao hubaki.

Nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: Mwenye nyimbo nyingi chati ndiye mwenye namba moja nyingi. Hapana. Kwenye Hot 100 Beatles wanaongoza kwa namba moja 20, Mariah Carey anafuata na 19. Drake alifikisha ya 13 mwaka 2023, sawa na Michael Jackson. Elvis anazo saba tu, kwa sababu alianza kutamba 1956, kabla Hot 100 haijazaliwa. Anayekwambia ni 17 au 18 ameongeza chati za zamani za Billboard, aseme hivyo.

Dhana: Kolabo haihesabiwi. Inahesabiwa. Msanii akialikwa na jina lake likaandikwa kwenye wimbo, anapata alama kamili hata kama kaimba ubeti mmoja. Namba moja ya kwanza ya Drake, mwaka 2010, ilikuwa kwenye wimbo wa Rihanna.

Dhana: Asiye na namba moja hana kibao. Creedence Clearwater Revival waliishia namba mbili mara tano na hawakupata namba moja kamwe. Jibu ni hilo.

Dhana: Hot 100 ni hesabu ya watazamaji wa YouTube. YouTube ilihesabiwa kuanzia 2013 hadi Januari 2026, lakini hata wakati huo ilikuwa kiungo kimojawapo tu. Kuna mauzo, kuna redio, na anayesikiliza kwa huduma ya kulipia ana uzito kuliko anayesikiliza bure.

Dhana: Wimbo wa zamani hauwezi kushika namba moja. "All I Want for Christmas Is You" wa Mariah Carey ulitoka 1994 na haukuruhusiwa hata kuingia Hot 100, kwa ile kanuni ya singo niliyoitaja. Ulishika namba moja Desemba 2019.

Dhana: Rekodi ya Marekani ni rekodi ya dunia. Cliff Richard ana namba moja 14 Uingereza na hana hata moja Marekani. Kanuni nazo si zile zile. Machi 2017 Ed Sheeran aliweka nyimbo 16 za albamu yake kwenye 20 bora za Uingereza, tisa kati ya kumi za juu zikiwa zake, na waandaaji wa chati wakashtuka: tangu Julai mwaka huo, msanii mwenye wimbo, si mwalikwa, haruhusiwi zaidi ya nyimbo tatu kwa wakati mmoja. Marekani hawana kikomo hicho, kwa hiyo usichukue zile 300 za Drake ukazilinganisha na hesabu ya London. Na ukisikia Elvis ana namba moja 21 Uingereza, ni kweli, ila tatu zilipatikana Januari 2005, miaka 27 baada ya kifo chake, kwa singo zilizokwishafika kileleni zamani na kutolewa upya. Singo zenyewe ni 18. Mara za kufika kileleni ni 21.