Kika: karata ya kando inayoamua mshindi wa poka

Tuseme mnacheza poka ya Texas Hold'em na mmebaki wawili. Wewe umeshika esi na mfalme, mwenzako esi na 7. Mezani zimelala esi, jeki, 8, 4 na 2, za aina mchanganyiko. Nyote mna jozi ya esi, lakini dau unalikomba wewe, kwa sababu ya yule mfalme. Karata kama hiyo, isiyo sehemu ya jozi lakini inayovunja sare, ndiyo kika.

Wengi hudhani kika ni karata ya pili uliyoshika, basi. Sivyo. Kila mchezaji anahesabiwa tano bora kati ya saba: mbili zake na tano za mezani. Zako ni esi, esi, mfalme, jeki, 8. Zake ni esi, esi, jeki, 8, 7. Jozi zimelingana, mnashuka ngazi moja: mfalme kwa jeki. Mchezo umekwisha, zinazofuata hazitazamwi.

Sasa meza iwe esi, malkia, jeki, 9 na 3. Yeye ana esi na 7, wewe esi na 5. Atataka kushangilia 7 yake, lakini tano bora za kila mmoja ni esi, esi, malkia, jeki, 9. Karata ya sita haipo kwenye hesabu. Mnagawana dau nusu kwa nusu.

Jozi moja huacha nafasi ya kika tatu, tatu sawa huacha mbili, jozi mbili au nne sawa huacha moja. Mfuatano (karata tano za kufuatana) na fulu hausi (tatu sawa pamoja na jozi) hazina kika, maana karata zote tano ziko kazini.

Ngazi za michanganyiko hii zimepangwa kwa uadimu. Pakiti ya karata 52 hutoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Yenye jozi moja ni 1,098,240, fulu hausi 3,744, nne sawa 624 tu. Na hapa waliozoea michezo ya turufu hukosea: katika Hold'em aina za karata hazizidiani, shupaza haiizidi kopa, uru wala pao. Sare ni sare.

Mimi naona kika inauma zaidi kwenye jozi mbili. Umeshika 5 mbili, mpinzani ana esi na 3. Mezani: mfalme, 9, 9, 2. Unaongoza, una jozi ya 9 na ya 5. Karata ya mwisho inafunuliwa: mfalme mwingine. Ghafla meza yenyewe ina jozi mbili kubwa kuliko 5 zako, na nafasi iliyobaki ni moja. Wewe unaweka 5, yeye anaweka esi.