Ule mstari mweupe wa ndege haufukuzi mvua Dodoma

Mvua ikichelewa tu huku kwetu ile meseji inarudi kwenye magrupu, eti ule mstari mweupe unaoachwa na ndege za juu ni dawa inamwagwa ili mawingu yatawanyike. Jamani sio kweli, na ukiipata naomba usiifowadi, kuna wakulima wanaiamini kabisa wanaacha kupanda.

Mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, kilo 1 ikiungua inaungana na oksijeni ya hewani, inatoa mvuke wa maji kama kilo 1.2 na kaboni dayoksaidi kilo 3 na kidogo, sasa kule juu kilomita 10 au zaidi baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi -40 kwahiyo mvuke unaganda chembe za barafu, ndio huo mstari. Cheki mwenyewe siku mbingu iko wazi: mstari hauanzii kwenye injini, kuna kanafasi katupu hapo nyuma maana mvuke lazima upoe kwanza. Hewa ya juu ikiwa kavu unafutika haraka, ikiwa na unyevu unatanuka na kukaa sana, hapo ndipo watu wanahisi leo wamemwaga jana hawakumwaga.

Moshi wa ndege una madhara ya kweli, unachangia joto la dunia, ndio maana mainjinia wanatafiti hadi kuunguza mafuta bila mwali unaoonekana, joto la ndani lisipande sana na oksaidi za naitrojeni (gesi chafu zinazotokea moto ukiwa mkali sana) zipungue. Ila hata hapo mvuke utatoka tu. Na Dodoma ilikuwa kame kabla ya ndege, msimu wetu ni mmoja, kama Desemba mpaka Aprili.