Fidia ya Kukomesha Utumwa: Dhana Potofu Kuhusu Waliolipwa

Kila ninapofundisha historia ya kukomeshwa kwa utumwa, na kila ninapowasaidia watu wanaosaka majina ya wahenga wao katika nyaraka za kale, nakutana na kauli ile ile: kwamba serikali zilipofuta utumwa ziliwapa watumwa fidia ili waanze maisha mapya, na kwamba waliobaki maskini walizitapanya fedha zao wenyewe. Kauli hii naisikia hata kwa watu waliosoma sana. Inawabebesha lawama watu ambao hawakupewa hata senti moja, na ndiyo maana sitaizungumzia kwa upole.

Fidia ililipwa kwa mabwana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa ilitenga pauni milioni 20, kiasi kilichokaribia asilimia 40 ya matumizi ya serikali hiyo kwa mwaka mzima, na fedha zote hizo zilikuwa za wamiliki. Watumwa wapatao 800,000 wa visiwa vya Karibi, Morisi na Rasi ya Tumaini Jema hawakutengewa chochote. Badala yake, kuanzia Agosti 1, 1834, wale waliokuwa wametimiza miaka sita waliingizwa katika mfumo wa uanagenzi, ambao uliwalazimu watu wa mashambani kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila ujira, hadi saa 45 kwa wiki, mpaka mfumo huo ulipovunjwa mwaka 1838. Kwa hiyo bwana alilipwa mara mbili, kwanza kwa fedha za hazina na pili kwa jasho la mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa huru. John Gladstone, ambaye mwanawe alikuja kuwa waziri mkuu, alipata zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watumwa zaidi ya 2,000, nao wakatoka mikono mitupu.

Marekani nako, sheria ambayo Abraham Lincoln aliitia sahihi Aprili 16, 1862 kwa ajili ya mji mkuu wa Washington ilifuata mantiki hiyo hiyo. Mabwana walipewa siku 90 za kuwasilisha madai mbele ya tume ya makamishna watatu, wakaapa kuwa watiifu kwa serikali ya muungano, na wastani wa malipo haukuruhusiwa kuzidi dola 300 kwa kila mtumwa. Ili kupanga bei, tume ilimwita mfanyabiashara wa watumwa kutoka Baltimore awe mthamini, kwa sababu ndiye aliyejua soko. Fedha pekee ambazo sheria hiyo iliwatajia waachwa huru ni zile zisizozidi dola 100 kwa kila mtu, tena kwa sharti kwamba akubali kuihama nchi na kwenda Haiti, Liberia au nchi nyingine nje ya Marekani. Aliyetaka kubaki pale alipozaliwa hakuwa na fungu lolote.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi ni wa Philip Reid, fundi wa kusubu shaba aliyeshiriki kutengeneza Sanamu ya Uhuru, si ile ya New York bali iliyo juu ya kuba la jengo la Bunge mjini Washington. Bwana wake, mchongaji Clark Mills, aliandika katika dai lake kwamba Reid alikuwa na umri wa miaka 42, kimo kifupi, afya njema, akili nyingi na ustadi katika kazi ya kusubu, kisha akaomba dola 1,500. Tume ilimpa dola 350.40. Reid naye aliwahi kulipwa na serikali yeye mwenyewe, lakini ni kwa Jumapili tu alizoshinda akichochea moto chini ya kalibu, dola 1.25 kwa siku. Ujira wa siku nyingine za wiki ulikwenda kwa Mills. Ndiyo maana namsisitizia kila anayeketi mbele ya nyaraka hizi asianze na kiasi cha fedha kilichoandikwa, bali aanze na sahihi ya aliyepokea. Akishaiona sahihi hiyo, hatasema tena kwamba watumwa walilipwa.

Dhana ya pili ni kinyume cha mambo yalivyokuwa kwingine Marekani: kwamba mabwana wote wa nchi hiyo walilipwa. Nje ya Washington mpango huo haukufika mbali. Wabunge wa majimbo ya mpakani, yaani yale yaliyoruhusu utumwa lakini hayakujitenga na muungano wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliikataa rai ya Lincoln ya fidia Julai 1862, na tangazo lake la Januari 1, 1863 la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi halikuwa na fidia yoyote. Mwaka 1864 Bunge liliwaahidi mabwana watiifu wa majimbo hayo hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyejiunga na jeshi kwa hiari, lakini kazi ya kupitia madai hayo ilisimamishwa mwaka 1867 na wengi hawakuona kitu. Mwaka 1868 Marekebisho ya 14 ya Katiba yalifunga mlango kabisa, kwa kutamka kuwa dai lolote la hasara ya kupoteza mtumwa ni batili. Hata hivyo nawasihi watu wasiyapuuze mafaili ya madai yaliyokwama. Bwana alitakiwa kuthibitisha umiliki wake, na katika kufanya hivyo mara nyingine alieleza alimnunua kwa nani mtumwa huyo aliyejiunga na jeshi, au mtumwa huyo alizaliwa na mama yupi. Kwa familia nyingi, hakuna karatasi nyingine inayolitaja jina la mama huyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba waliodai walikuwa matajiri wa mashamba ya miwa peke yao. Katika madai ya Uingereza wamejaa wajane na makasisi waliomiliki mtu mmoja au wawili. Huko Washington walikuwamo hata watu weusi walioorodheshwa kama wamiliki kwa sababu waliwahi kuwanunua wake na watoto wao ili kuwakomboa. Gabriel Coakley ni mmoja wao.

Wengine husema kwamba Zanzibar haikulipa fidia. Ililipa. Amri ya sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamoud bin Mohammed, ya Aprili 1897 ilimpa fidia bwana aliyethibitisha kuwa alimmiliki mtumwa wake kihalali. Mtumwa, kwa upande wake, alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na akishaupata aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya, sheria ya mwaka 1907 nayo iliwapa mabwana haki ya fidia.

Na kwa anayesema kuwa haya ni mambo ya kale yaliyokwisha zamani, deni ambalo Uingereza ilikopa mwaka 1835 kuwalipa mabwana lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Wajukuu wa watumwa waliohamia Uingereza wamelichangia kwa kodi zao.

Dhana ya mwisho inahusu Brazil, ambako utumwa ulifutwa Mei 13, 1888 bila fidia. Mabwana waliendelea kuishinikiza serikali iwalipe, na Desemba 1890 waziri wa fedha Rui Barbosa akaamuru daftari za watumwa zilizokuwa katika ofisi za hazina ziteketezwe. Wengi huamini kwamba lengo pekee lilikuwa kuifuta aibu ya taifa na kwamba hakuna karatasi iliyosalia. Moto huo uliwanyima mabwana ushahidi wa kudai fidia, na haukugusa kila kitu: hati za mauziano, wosia na vitabu vya ubatizo vya parokia vilibaki kwa wingi, na humo ndimo anayewatafuta wahenga wake wa Brazil anapaswa kuanzia.