Hedhi imekoma: mama ale nini, afanye mazoezi gani? Maswali ya akina mama wa Bukavu

Akina mama wa Bukavu wanaokaribia miaka 50, na wale walioipita, huuliza mambo yanayofanana: kwa nini tumbo limeongezeka ilhali chakula ni kile kile, kwa nini usingizi umekimbia, kama kupanda milima ya mji huu na mzigo mgongoni kunatosha kuwa mazoezi. Hapa tunajibu yanayohusu chakula na mwili, kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko ya Nyawera na Kadutu.

Nina miaka 47. Siku zangu zinakuja, zinapotea miezi miwili, kisha zinarudi. Je, nimeshakoma?

Bado, mama. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, na hakuna mimba wala dawa inayoizuia. Kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ulipo sasa ni njiani kuelekea huko, na safari hiyo yaweza kuchukua miaka kadhaa. Ovari zinapunguza homoni ya estrojeni, lakini haipungui sawasawa kila mwezi, ndiyo maana siku zinayumba. Mimba bado inaweza kuingia, kwa hiyo usiache uzazi wa mpango kwa kudhani umeshavuka.

Usingoje miezi 12 itimie ndipo uanze mazoezi na kubadilisha sahani. Anza sasa. Na mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kabla ya miaka 40 amwone daktari, maana mifupa na moyo wake vitakaa bila kinga ya estrojeni kwa miaka mingi zaidi.

Usiku nawaka moto, natokwa jasho hadi kikwembe kinalowa, kisha nasikia baridi. Nimekunywa dawa ya malaria mara nyingi, hainisaidii. Ni nini?

Huenda si malaria. Estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo tu, na mwili unafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Joto hilo hupanda kifuani, shingoni na usoni, hudumu dakika chache, kisha hupita. Homa ya malaria haipiti kwa dakika chache, na kipimajoto huionyesha. Kwa hiyo pima damu kwanza kabla ya kunywa dawa. Kipimo cha haraka kipo katika vituo vingi vya afya. Kunywa dawa za malaria kwa kubahatisha kunaharibu dawa na kunaficha ugonjwa halisi.

Pombe, kasiksi ikiwemo, chai ya moto sana, pilipili na chumba kisichopitisha hewa huweza kuamsha joto hilo. Bukavu usiku kuna baridi, tunajifunika mablanketi mazito: afadhali nguo nyepesi mbili tatu ambazo unaweza kuivua moja bila kuamka. Mazoezi yenyewe hayajathibitishwa kuondoa joto la ghafla, na asikudanganye mtu. Lakini yanasaidia usingizi na moyo mzito, na mama aliyelala vizuri anayavumilia mengine.

Mimi napandisha magunia kutoka Beach Muhanzi hadi Kadutu. Wanangu wanasema nifanye mazoezi. Si nafanya kila siku?

Mama, mwili wako unafanya kazi kuliko ya wengi wetu. Ila kazi inayochosha na mazoezi yanayojenga ni vitu viwili, na hapa ndipo wanawake wengi wa mji huu wanapoumia.

Mtazame mama aliyebeba. Kamba imekaza kwenye paji la uso, shingo imesukumwa mbele, mgongo umeinama, gunia la kilo 50 au zaidi limeegemea kiuno, hatua ni fupi fupi, na macho yanaona mawe ya njiani tu. Pingili za mgongo zinabanwa kwa muda mrefu bila nafuu, na nguvu yote ya tumbo inasukuma chini, kwenye nyonga. Mfupa huimarika unapopewa uzito wa kiasi unaoongezwa pole pole, ukapumzishwa, na ukapata chakula cha kujijengea. Uzito kupita kiasi kila siku, juu ya tumbo lililopata chai tupu asubuhi, unauchakaza.

Na umri wenyewe unabadilisha hesabu. Estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizuia mwili usiumeng'enye mfupa wake haraka kuliko unavyoujenga. Ikipungua, mwanamke anaweza kupoteza hadi 20% ya uzito wa mifupa yake katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Hakuna maumivu yanayomwonya. Siku moja anateleza kwenye tope, anajizuia kwa mkono, kifundo cha mkono kinavunjika. Au pingili za mgongo zinabonyea kidogo kidogo, na watu wanasema amezeeka, amekuwa mfupi.

Tunajua anayelipwa kwa mzigo hawezi kuamka kesho akabeba nusu. Kwa hiyo tuanzie na yaliyo mikononi mwako. Unapouchukua mzigo, chuchumaa kwa magoti, mgongo ubaki umenyooka, na utoe pumzi unapoinuka. Usiinuke ukiwa umebana pumzi. Mwombe mwenzio akutwike. Kila unapopata mahali pa kuegemea, tua. Usianze siku bila kula. Siku ya Jumapili iwe ya kupumzisha mgongo kweli: watoto wakubwa ndio waende kuchota maji, si mama aliyebeba wiki nzima apande tena na bidoni ya lita 20. Jioni, lala chali juu ya mkeka dakika 10, magoti yamekunjwa, mgongo ukigusa chini wote. Na mazoezi ya nyonga yaliyoelezwa hapo chini ni yako wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mtu wa kukaa: duka, kiti, simu. Nianzie wapi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Bukavu huhitaji mashine kwa hilo. Dakika 30 za kutembea kwa bidii siku 5 za wiki zinatimiza 150, na kilima cha nyumbani kwako kinafanya kazi nzuri kuliko uwanja tambarare. Nenda saa ambayo njia ina watu na mtaa wako umetulia; ikiwa siku hiyo hali si salama, panda na kushuka ngazi ya nyumbani, au cheza muziki ucheze ndani.

Kutembea peke yake hakutoshi, na hili husahaulika sana. Misuli hupungua na umri, na ni misuli inayokushika usianguke. Kwa hiyo mara 2 au 3 kwa wiki, fanya hivi:

Kaa kwenye kiti kigumu, mikono imekunjwa kifuani. Simama bila kujishika, ukihesabu moja, mbili, tatu. Kaa tena pole pole kwa hesabu ile ile, usijiangushe. Mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Ukiona rahisi, shika kifuani bidoni ya lita 5 iliyojaa maji. Hizo ni kilo 5. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani usawa wa mabega, kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, jisukume nyuma. Halafu shika fremu ya mlango, inuka juu ya vidole vya miguu, shuka taratibu. Mwisho, simama kwa mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10, kisha mwingine. Hilo la mwisho linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalozuia kuanguka, na kwa waliofika miaka 65 mazoezi ya namna hiyo yanashauriwa siku 3 au zaidi kwa wiki.

Magoti yakilalamika siku ya kwanza, punguza mwinuko, usiache. Ila mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au tansio (shinikizo la damu) iliyopanda sana aonwe kwanza na daktari.

Nile nini sasa?

Tatizo la sahani zetu nyingi si kwamba chakula ni kibaya. Ni vipimo. Mlima wa bugali wa mihogo, na pembeni mboga kidogo ya kuchovya. Unga wa mihogo unashibisha na unatoa nguvu, lakini protini yake ni kidogo mno. Mama anashiba, misuli inabaki na njaa.

Wataalamu wengi wanashauri mwanamke wa umri huu apate kama gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. (Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari.) Kikombe cha maharagi yaliyopikwa kina kama gramu 15, kikombe cha maziwa 8, yai 6. Kwa hiyo geuza sahani: nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharagi, samaki, mayai au nyama, na robo inayobaki iwe bugali, ndizi au viazi. Changanya unga wa mahindi na wa soya kwenye bugali ukipata.

Sambaza wanastahili sifa yao. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mmoja wa samaki wa bei nafuu zaidi tulionao. Analiwa mzima, na mifupa yake ndiyo kalsiamu unayoitafuta. Usimtoe kichwa, usimtupe mifupa. Mchemshe na nyanya na vitunguu badala ya kumzamisha kwenye mafuta kila siku. Ndagala wakavu nao ni vivyo hivyo, ila waoshe kama wametiwa chumvi.

Mapendekezo ya Marekani ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku kwa mwanamke aliyepita 50. Uingereza inasema 700. Kikombe cha maziwa, au cha maziwa yaliyoganda, kina karibu 300. Lengalenga (mchicha) na sombe (majani ya mihogo) vinaongeza. Sombe utwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa ajili ya sumu iliyo ndani ya majani mabichi, na mawese yapimwe kwa kijiko, si kwa upawa: karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, na kolesteroli hiyo tayari hupanda hedhi inapokoma.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote, pamoja na ile iliyojificha kwenye makayabu (samaki wa chumvi) na viungo vya dukani vya kutia ladha. Makayabu iloweke usiku, umwage maji.

Vitamini D, inayosaidia kalsiamu kuingia mwilini, tunaipata zaidi kwa jua. Toa mikono na miguu juani kwa muda mfupi siku nyingi za wiki. Anayekaa ndani kutwa nzima anaweza kupungukiwa hata hapa karibu na ikweta.

Tumbo linakua na mimi sijabadilisha chakula.

Estrojeni ikipungua, mafuta yanahama kutoka mapajani na kukaa tumboni, na misuli iliyopungua inachoma nguvu kidogo. Chukua mita ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu. Kikizidi sentimita 80, hatari ya kisukari na ya moyo imeanza kupanda. Kikizidi 88, imepanda sana. Najua kwetu mama mnene husifiwa kuwa anatunzwa vizuri. Mafuta ya tumboni hayaletwi na kutunzwa. Punguza kwanza soda, sukari ya chai na pombe kabla ya kupunguza chakula. Usijinyime kula: ukikaa na njaa, misuli ndiyo inayotangulia kuondoka.

Udongo mweupe unaouzwa sokoni una kalsiamu? Na soya?

Udongo huo si chanzo cha kalsiamu. Unazuia chuma kuingia kwenye damu, na mara nyingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake. Uache. Soya ni chakula kizuri chenye protini; kwa baadhi ya wanawake inapunguza joto la ghafla kidogo, kwa wengine haifanyi kitu. Vidonge vya kalsiamu vipimwe na daktari, hasa ukiwa umewahi kupata mawe ya figo.

Nikikohoa au nikicheka mkojo unanitoka. Naona haya kusema.

Ni jambo la kawaida, na lina tiba. Fanya mazoezi ya nyonga: bana misuli ile unayotumia kuzuia mkojo, bila kubana matako wala pumzi, hesabu hadi 10, achia, hesabu hadi 10. Ukianza na 3 ni sawa. Mara 10, asubuhi, mchana na usiku, kila siku kwa angalau miezi 3. Hakuna atakayejua, hata ukiwa kwenye basi. Ukihisi uzito ukeni au kitu kinachoshuka, kizazi huenda kimelegea. Ukibeba mizigo kitashuka zaidi. Nenda ukapimwe. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, ni miongoni mwa zinazotibu matatizo hayo.

Ni dalili gani zisizongoja?

Damu yoyote ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, hata kama haiumi. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, nayo ikiwahiwa hutibika. Nenda wiki hiyo hiyo. Maumivu ya kifua au pumzi kukatika, nenda saa hiyo hiyo. Na maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla baada ya kuinua kitu yasisuguliwe kwa dawa ya kienyeji: omba picha ya mfupa kwanza.