Jinsi ya Kusoma Uchumi wa Dodoma Robo kwa Robo

Ukilinganisha bei ya mahindi Dodoma mwezi Machi na mwezi Julai, utadhani serikali imetoa ruzuku kimyakimya. Hakuna ruzuku, ni mavuno. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mvua yenyewe ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Januari hadi Machi mahindi bado yako shambani, ghala za wakulima wengi zimekwisha, na kaya za vijijini ambazo mwaka jana ziliuza chakula sasa zinakinunua. Kuanzia Mei malori yanaanza kupanga foleni kwenye soko la mahindi la Kibaigwa. Anayechukua takwimu za robo (miezi mitatu) inayoishia Machi na kuziweka kando ya zile za robo inayoishia Septemba, kisha akatangaza kwamba uchumi wa makao makuu "umeimarika", amepima msimu, hajapima uchumi.

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na takwimu hizi tunalinganisha robo na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Tuchukue namba za mfano tu. Gunia la kilo 100 lilikuwa shilingi 80,000 mwezi Machi, likashuka hadi 55,000 Septemba. Gazeti litaandika kuwa bei imeporomoka, na halitakuwa limedanganya. Lakini kama Septemba ya mwaka jana gunia hilohilo lilikuwa 45,000, basi mlaji yuko kwenye hali mbaya zaidi kwa asilimia 22 hivi, na mkulima amepata ahueni. Namba ni zilezile, habari ni mbili tofauti kabisa.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kuuondoa mapema. Robo ya Julai hadi Septemba ni ya tatu kwa kalenda ya kawaida, lakini ni ya kwanza kwa mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mtu wa halmashauri akisema "robo ya kwanza mapato yalikuwa madogo" na mtu wa benki akasema "robo ya kwanza mikopo ilikua vizuri", huenda wanazungumzia miezi tofauti. Tafuta maneno "robo iliyoishia Septemba" au "iliyoishia Machi". Taarifa isiyosema robo imeishia mwezi gani, iweke pembeni kwanza.

Sasa twende Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa sababu bei ya ugali wa Dodoma mjini inaanzia pale. Soko hili liko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na hukusanya mahindi ya Kongwa, Kiteto na maeneo mengine ya jirani. Anayeandika bei pale ana tatizo ambalo msomaji wa ripoti halioni: lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba kiasi kwamba linabeba zaidi ya kilo 100 zinazotakiwa. Ukiuliza "gunia bei gani?" unaweza kuambiwa bei ileile wiki mbili mfululizo, kumbe wiki ya pili gunia limenenepa. Mkulima amepunjwa, bei halisi ya kilo imeshuka, na daftari linasema hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mdadisi makini haulizi bei ya gunia. Anakwenda kwenye mizani na kuandika bei ya kilo. Na wewe unayenunua kwa debe sokoni Majengo au Sabasaba ungefanya vyema kuiga tabia hiyo, kwa sababu madebe nayo hayalingani.

Chakula kina uzito wa asilimia 28.2 kwenye kapu la taifa linalotumika kupima mfumuko wa bei, kapu ambalo tangu 2021 lina bidhaa na huduma 383. Huo ni wastani wa nchi nzima. Kaya ya Chemba au Bahi ambayo zaidi ya nusu ya fedha zake huishia kwenye unga, mafuta na maharage inaishi kwenye mfumuko wake yenyewe. Benki Kuu ikisema mfumuko umebaki ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, inasema kweli kuhusu kapu lile. Mama anayeona unga umepanda kwa asilimia 15 naye anasema kweli. Hakuna haja ya kumwita mmoja wao mwongo.

Kalenda ya pili ya Dodoma ni ya serikali, na hiyo ndiyo inayoutofautisha mkoa huu na Singida au Tabora. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 ulibaki zaidi kwenye makaratasi. Baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016 wizara zikaanza kuhama kweli, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, na Mji wa Serikali ukainuka Mtumba. Matokeo yake yako kwenye sensa: jiji lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na 765,179 mwaka 2022. Mkoa mzima ulitoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625.

Piga hesabu kidogo hapo. Jiji lilikua kwa wastani wa asilimia 6 hivi kwa mwaka. Maana yake, mauzo ya maduka ya jijini yakiongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka, bei zikiwa hazijabadilika, mauzo kwa kila mkazi yamepungua. Hii ndiyo hesabu inayosahaulika kuliko zote kwenye mji unaokua haraka. Abiria wameongezeka, laini za simu zimeongezeka, umeme unaouzwa umeongezeka. Sawa, watu wenyewe wameongezeka. Swali ni kama kimoja kimekua haraka kuliko kingine.

Kwa wenye gesti, mama lishe na madereva wa bajaji, kalenda ya serikali ina sura moja: Bunge. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na ndiyo miezi ambayo chumba cha kawaida kinakosekana au kinapandishwa bei. Kwa hiyo robo inayoishia Juni huwa na shughuli nyingi kwa sababu mbili zinazokutana: wabunge na wageni wao wapo mjini, na ofisi za serikali zinakimbizana kutumia fedha zilizobaki kabla mwaka haujafungwa. Julai inafuata ikiwa tulivu. Bajeti mpya imepitishwa lakini fedha zenyewe bado zinasubiriwa. Mwenye duka la vifaa vya ofisi anaijua Julai hiyo bila kusoma ripoti yoyote.

Mwaka wa uchaguzi unavuruga hata ule ulinganisho mzuri niliousifu hapo juu. Bunge la 12 lilivunjwa mwanzoni mwa Agosti 2025 na uchaguzi ukafanyika Oktoba 29, kwa hiyo robo iliyoishia Septemba 2025 haikuwa na mkutano wa Bunge kama ilivyokuwa mwaka 2024. Ukiilinganisha na ya mwaka uliotangulia, huduma za malazi zina kila sababu ya kuonekana zimelala. Na ukichukua robo inayoishia Septemba 2026 ukailinganisha na ile tulivu ya 2025, ukuaji utaonekana mnono kuliko ulivyo. Ikitokea hivyo, linganisha na 2024 pia. Mfanyabiashara anayeomba mkopo wa kuongeza vyumba kwa kutumia ulinganisho wa mwaka mmoja kama huo anajitafutia matatizo.

Ujenzi ndio unaovutia macho zaidi, na hapa nina wasiwasi na jinsi unavyoelezwa. Ofisi za Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3, na maelfu ya nyumba za watu binafsi Iyumbu, Njedengwa, Nala na kwingineko: fedha ni nyingi. Lakini thamani ya mradi siyo fedha iliyobaki Dodoma. Saruji inatoka Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Nondo na mabati mengi yanatoka nje ya mkoa. Kinachobaki ni mchanga, kokoto, tofali, ujira wa fundi na saidia fundi, na sahani ya wali ya mchana. Siyo kidogo, na ndicho kinacholipa ada za shule mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe, ila ni sehemu tu ya zile bilioni zinazotajwa kwenye uzinduzi. Kiwanda kama cha mbolea cha Itracom pale Nala, kilichojengwa na wawekezaji kutoka Burundi, kinahesabika tofauti: kinazalisha hapa, kinaajiri hapa, na kinaendelea kufanya hivyo hata mafundi wa ujenzi wakishaondoka.

Kuna namba nyingine ya ujenzi inayotakiwa kusomwa kwa tahadhari, nayo ni mapato ya ndani ya jiji. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na ardhi yake ikahamia kwa halmashauri. Miaka iliyofuata mauzo ya viwanja yakainua mapato sana. Kiwanja huuzwa mara moja. Kodi za biashara, ushuru wa soko na leseni hurudi kila mwaka. Halmashauri inapotangaza robo nzuri, uliza ni kiasi gani kimetoka kwenye viwanja.

Treni ya umeme ilifika Dodoma kwa safari za abiria Julai 25, 2024. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilipangwa kuwa shilingi 31,000, na safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi ikawa ya saa nne au chini yake. Kwa Dodoma faida yake ina pande mbili. Wafanyabiashara na wageni wa mikutano wanafika kirahisi, ndiyo. Lakini mtumishi ambaye familia yake bado iko Dar es Salaam naye anaondoka kirahisi Ijumaa jioni, na matumizi yake ya Jumamosi na Jumapili anayafanya Mbagala au Tegeta. Idadi ya abiria peke yake haiwezi kukwambia ni upande gani umeshinda. Mapato ya hoteli na migahawa mwishoni mwa wiki yangekwambia.

Zabibu zina utaratibu wake. Huvunwa mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo huingiza fedha kwa mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hata katika robo ya Machi ambayo wenzake wa mahindi wanakaza mkanda. Shida ni kwamba zabibu haisubiri. Mahindi unaweza kuyafungia stoo ukingoja bei. Zabibu iliyoiva ikikosa mnunuzi ndani ya siku chache inauzwa kwa bei yoyote barabarani. Kwa zao hili tani zilizovunwa hazitoshi kukupa picha. Angalia ni tani ngapi zilinunuliwa na viwanda, na kwa bei gani.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake kila robo: ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Hiyo siyo riba atakayolipa mwenye duka Sabasaba, ambayo iko juu zaidi kwa sababu benki inaongeza gharama zake na hofu ya kutolipwa. Inaonyesha mwelekeo tu.

Pato la Taifa la kila robo linatolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa nchi nzima, wakati pato la mkoa hukokotolewa kwa mwaka. Hivyo mtu akikwambia "uchumi wa Dodoma umekua kwa asilimia kadhaa robo hii", mwulize amepima nini. Kwa robo, tulichonacho cha mkoa ni vipande: bei sokoni, mapato ya halmashauri, makusanyo ya kodi, amana na mikopo ya benki, abiria, umeme uliouzwa. Vipande hivyo vikielekea upande mmoja, unaweza kusema jambo kwa uhakika. Vikipingana, kama umeme umepanda na makusanyo ya kodi yamelala, subiri robo nyingine.

Kodi ya nyumba ndiyo huchelewa kuliko vyote. Wapangaji wengi hulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye nyumba wa Area C akipandisha kodi Januari, mpangaji aliyelipa miezi sita mwezi Oktoba hataguswa hadi Aprili, na aliyelipa mwaka mzima hadi Oktoba nyingine. Ongezeko linaingia kwenye takwimu kwa kudonadona, robo hadi robo, hata kama kwa anayehamia leo limeshafika lote. Kwa hiyo ripoti ikisema gharama za makazi zimetulia katika robo ambayo watumishi wengi wamehamia, muulize dalali anayetafuta vyumba Iyumbu wiki hii. Yeye ana bei ya mpangaji mpya. Ripoti kwa kawaida ina wastani wa wapangaji wote.